Kumi na Nne Badala ya Ishirini na Nane

Raudha Mwinyimadi aliligundua kosa lake mwenyewe Jumamosi moja asubuhi, nyumbani kwake mtaa wa Picha ya Ndege, wiki sita kabla ya mahafali ya shahada yake ya uzamivu.

Kazi yake ilihusu toluini, kimiminika kinachotumika kuyeyusha rangi. Ikiwa gesi, molekuli yake iliyopata nishati kupita kiasi huweza kuvunjika yenyewe. Lakini ikiwahi kugongana na molekuli za gesi iliyoizunguka, kila mgongano huipunguzia nishati kidogo, mpaka inatulia. Kwa miaka minne Raudha alikuwa akitafuta, kwa kompyuta, gesi ya nitrojeni ikiizunguka huiondolea nishati kiasi gani katika mgongano mmoja. Jibu lake lilikaribiana mno na vipimo vya zamani vya maabara. Makala yake ikachapishwa kwenye jarida la kisayansi, watu wakampongeza.

Jumamosi hiyo alikuwa akipanga mafaili yake ili amwachie mwanafunzi mwingine. Katika faili la kwanza kabisa, penye uzito wa nitrojeni, aliona ameandika 14. Huo ni uzito wa atomu moja, na nitrojeni ya hewani huwa atomu mbili zilizoshikana. Ilipaswa iwe 28. Alisoma mara tatu, akazima kompyuta, akatoka kwenda sokoni Maili Moja kununua mkaa, ingawa mkaa ulikuwepo.

Aliporudi alirudia sehemu ndogo ya hesabu kwa uzito sahihi. Namba ilishuka kwa theluthi moja. Kule kulingana na vipimo kulikomletea sifa kumbe kulitokana na kosa.

Jumatatu alimweleza msimamizi wake, Dokta Lusajo, ambaye jina lake lilikuwa kwenye makala ile. Alipomaliza, Dokta akauliza:

"Nani mwingine ameliona?"

"Hakuna, Dokta."

"Na wewe unataka kufanya nini?"

"Kumwandikia mhariri wa jarida aiondoe makala. Na kuomba mahafali yangu yaahirishwe."

Dokta Lusajo alivua miwani akaifuta. "Nilipaswa kulifungua faili lile mwenyewe," alisema. "Andika. Nitatia saini."

Mwisho wa wiki Raudha alikwenda Kisarawe kwa mama yake, Bi Mwanamvua, aliyekuwa kibarazani akimenya mihogo. Sare za khanga za sherehe zilikuwa zimeshanunuliwa, na shangazi zake wa Mlandizi walikuwa wameshaalikwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona mnyonge?"

Alimweleza. Mama yake aliendelea kumenya.

"Hilo kosa nani kaliona?"

"Mimi."

"Ungenyamaza ingekuwaje?"

"Namba ile kuna watu wanaichukua, mama. Wanakadiria mafuta yanavyoungua kwenye injini. Wangejenga juu yake, na wenzao wakajenga juu yao."

"Na ukisema, cheti wanakunyima?"

"Kinachelewa. Sijui kiasi gani."

Bi Mwanamvua alitumbukiza muhogo kwenye beseni la maji. "Basi niwapigie wa Mlandizi leo, wasije wakatafuta nauli bure. Nitawaambia shahada haijawa tayari. Si uongo huo."

Raudha alivuta kigoda, akachukua kisu, akamsaidia. Hapo ndipo alipolia, kidogo tu.

Makala iliondolewa. Hesabu zote zilirudiwa kwa miezi kumi na moja. Jibu jipya lilibaki chini ya vipimo vya maabara, na Raudha hakuweza kueleza kwa nini. Aliandika hivyo hivyo kwenye tasnifu aliyoiandika upya: hapa hatukubaliani na vipimo, na sababu haijulikani. Mtahini mmoja alimbana juu ya ukurasa huo kwa saa nzima, kisha akampitisha.

Sasa anafundisha kemia katika chuo kimoja, na amehamia Mbwawa. Tofauti ile ya namba bado haijapata maelezo. Hulifungua faili lake kila likizo, akajaribu tena.