Hadubini Katika Ofisi ya Bima

Dakta Aciro aliinua uso kutoka kwenye hadubini, akafumba macho kidogo, kisha akainama tena kuhakikisha. Hakuwa amekosea. Katikati ya chembe ndogo ndogo za tezi ya shingo ya Shafiq zilisimama chembe kubwa, na kila moja ilikuwa na viini viwili vilivyomkodolea kama macho ya bundi.

Shafiq alikuwa mwalimu wa hesabu katika shule moja ya Old Kampala. Kwa miezi kadhaa alikuwa akimeza dawa za kifua kikuu, na kwa miezi hiyo hiyo shingo ilizidi kuvimba, jasho likamlowesha usiku, na suruali zikaanza kumpwaya. Mwishowe daktari mmoja wa upasuaji alikata tezi moja akaituma kwa Aciro, aliyesomea kutambua magonjwa katika vipande vya mwili. Sasa jibu lilikuwa wazi. Haikuwa kifua kikuu. Ilikuwa saratani ya tezi, ile iitwayo Hodgkin.

Aliwaita Shafiq na mama yake, Bi Zahara, katika maabara yake ndogo iliyokuwa juu ya duka la vitambaa.

"Ni saratani," akawaambia. "Lakini msiishie hapo, nisikilizeni mpaka mwisho. Hii ni katika saratani zinazosikia dawa. Wengi hupona kabisa."

Bi Zahara aliukaza mtandio wake. "Kupona kweli, Dakta, au maneno ya kutupoza moyo?"

"Kupona kweli, mama. Ila tuanze mapema. Tezi za kifuani zimeanza kumbana pumzi."

Shafiq akacheka kidogo, na kicheko kikageuka kikohozi. "Basi afadhali," akasema. "Angalau sasa najua napigana na nani."

Walimu wa shule ile walikuwa na bima ya kampuni moja, na matibabu ya Shafiq yalipaswa kulipwa na kampuni hiyo. Kampuni ikakataa. Ugonjwa haukuwa tatizo lao. Tatizo lao lilikuwa sahihi iliyowekwa chini ya ripoti. Dakta Aciro hakuwa kwenye orodha yao ya madaktari, kwa hiyo ripoti yake kwao ilikuwa kama haipo. Walitaka kipande kile kisomwe upya kupitia hospitali wanayofanya nayo kazi, na hospitali hiyo, kwa kuwa haikuwa na daktari wa fani hiyo, ilipeleka vipimo vyake ng'ambo. Majibu yalichukua wiki nyingi kurudi.

Aciro aliijua hadithi hiyo kuliko mtu yeyote. Alikuwa na shahada ya udaktari, na juu yake shahada ya uzamili ya patholojia. Leseni yake ilikuwa hai na ilining'inia ukutani. Alipoomba kuingia kwenye orodha ya bima, aliambiwa kwanza awe daktari wa hospitali fulani. Alipokwenda hospitali, aliambiwa kwanza akubaliwe na bima. Alikuwa amezunguka kati ya milango hiyo miwili hata walinzi wakaanza kumsalimia kwa jina.

Jumapili alikwenda Luzira kumwona baba yake, Mzee Ocaya, sajini mstaafu wa magereza, aliyewalea watoto wake kwa Kiacholi cha nyumbani na Kiswahili cha kambini. Akamweleza yote. Mzee alisikiliza huku akimenya muhogo, kisu hakikusimama.

"Wanasema ni sheria, Baba."

"Sheria." Mzee akatikisa kichwa. "Mimi nimefungua na kufunga geti ya gereza mpaka nimezeeka. Geti haijifungui, haijifungi. Iko mtu anashika ufunguo. Wewe kila siku unaongea na geti. Enda tafuta huyo mtu."

"Na akikataa kunisikiliza?"

"Basi usimwambie. Mwonyeshe."

Maneno hayo yalimkaa Aciro njia nzima ya kurudi mjini. Asubuhi iliyofuata aliifunga hadubini yake kwa shuka, akaipakata kama mtoto mchanga, akapanda teksi mpaka ofisi za kampuni ya bima huko Nakasero.

Mlinzi wa mapokezi aliukodolea macho mzigo ule. "Nyabo, bibi, hiyo ni nini?"

"Ni hadubini. Namtaka daktari mkuu wenu."

"Una miadi?"

"Sina. Nina mgonjwa."

Aliketi pale na mzigo wake mapajani mpaka mapokezi yakajaa na kupungua. Hatimaye akatoka mwanamke mrefu mwenye miwani, Dakta Benedicte, mzaliwa wa Bukavu, ambaye ndiye aliyeamua madai gani yalipwe na yapi yarudishwe. Alikuwa akielekea kwenye mkutano, na mlinzi alikwisha kumwambia ni nani anayemsubiri.

"Dokta, ripoti yako niliisoma," akasema bila kusimama. "Iliandikwa vizuri. Lakini wewe hauko kwenye orodha yetu. Mimi siwezi kulipa matibabu ya namna hiyo juu ya sahihi tusiyoijua."

"Sikuja uiamini sahihi yangu," Aciro akajibu, naye akisimama. "Nimekuja uangalie mwenyewe. Wewe ni daktari. Ukiangalia ukaona nimekosea, nitafunga mzigo wangu na hutaniona tena hapa."

Dakta Benedicte alisita. Watu wawili waliokuwa wakisubiri waligeuza shingo. "Ni miaka mingi sijaangalia kwenye hicho chombo," akasema kwa sauti ya chini.

"Macho hayasahau."

Waliingia chumba cha mikutano. Aciro alisukuma vikombe vya chai pembeni, akachomeka waya, akaweka kioo chenye kipande cha tezi, akarekebisha mwanga. Kisha akasogea nyuma. Hakusema aangalie wapi wala atafute nini.

Dakta Benedicte aliinama. Mkono wake ulianza kwa kubabaika, ukatulia, ukazoea. Mlangoni walikusanyika wale waliokuja kwa mkutano, na hakuna aliyethubutu kuvuta kiti.

"Mungu wangu," akasema hatimaye, macho yake yakiwa bado kwenye lenzi. "Huyu hapa. Na huyu mwingine. Wananitazama." Akavua miwani, akajifuta macho. "Na huyu kijana wamempa dawa za kifua kikuu?"

"Miezi, Dokta. Na nilipaka rangi maalumu kuthibitisha. Kioo chake ni hiki."

Aliangalia na kile cha pili. Alipoinuka, aliwageukia wenzake waliokuwa mlangoni. "Matibabu ya mwalimu huyu yaanze. Ruhusa nasaini mimi leo, na atakayetaka kuuliza aje aniulize mimi." Kisha akamgeukia Aciro. "Kuhusu wewe, siwezi kukuingiza kwenye orodha peke yangu. Hospitali tunayofanya nayo kazi lazima ikupime, nami nitawaandikia wafanye hivyo."

"Wanipime," Aciro akasema. "Nimekuwa nikiomba wanipime."

Walimpima kweli. Hospitali ilimletea boksi la vioo vya zamani ambavyo majibu yake yalikwisha kutoka ng'ambo, wakayaficha majibu. Alivisoma vyote mbele ya jopo la madaktari. Vyote vililingana na majibu yale, isipokuwa kimoja. Mwenyekiti wa jopo akasema kwa upole kwamba si vibaya kukosea kimoja. Aciro akaomba kukiangalia tena, akakiangalia, akasema, "Samahani, mwenyekiti. Hapa ng'ambo ndiyo iliyokosea."

Waliandika huko kuuliza. Maabara ya ng'ambo ilitoa kioo chake, ikakisoma upya, ikarudisha jibu moja fupi: daktari wenu yuko sahihi. Mgonjwa wa kioo hicho aliitwa, akabadilishiwa dawa. Kabla ya mwezi kwisha Aciro alikuwa na kitambulisho cha hospitali shingoni, na jina lake lilikuwa kwenye orodha ya bima. Kampuni nyingine nazo zilianza kumpigia simu zenyewe.

Shafiq alikuwa amelazwa kwenye hospitali hiyo hiyo kwa duru yake ya kwanza ya dawa. Nywele zilimtoka, akatapika, akakonda zaidi, kisha pumzi ikaanza kumrudia kidogo kidogo. Shingo ikapungua mpaka kola ya shati ikafunga tena. Duru zilipokwisha alipigwa picha ya kifua na shingo, na Aciro akashuka mwenyewe kuwapa majibu. Bi Zahara alisimama ukumbini kando ya Shafiq, tasbihi mkononi, akiogopa kumtazama usoni.

"Mama," Aciro akasema, "hakuna kitu. Pote pasafi."

Bi Zahara aliiangusha tasbihi, akarusha kichwa nyuma, akapiga vigelegele vilivyojaza ukumbi mzima hadi ngazini. Muuguzi mmoja alitoka mbio wodini, kidole mdomoni, kumnyamazisha. Akamwona Shafiq amepiga magoti anasujudu juu ya sakafu tupu, akamwona Dakta Aciro analia na kucheka kwa pamoja, akauliza, "Amepona?"

"Amepona!"

Muuguzi akakitoa kidole mdomoni, akapiga vigelegele kumshinda Bi Zahara.