Mtetezi wa Budha

Barazani kwa Mwalimu Khalfani, Sinza, hakuna asiyeijua kanuni: anayepandisha sauti katika mjadala huosha vikombe vyote vya kahawa, na hafumbui kinywa mpaka jua lizame. Kanuni hiyo aliitunga Khalfani mwenyewe mwaka 1991, alipostaafu ualimu, na kwa miaka mitatu ilikuwa haijamgusa.

Jumapili hiyo alimtetea Budha. Gozbert, mwalimu mwenzake wa zamani, alimtetea Epikuro, mwanafalsafa wa Kiyunani, na Mzee Ansbert alikuwa mwamuzi. Chumbani, Raudha, binti pekee wa Khalfani, alikuwa akikunja nguo. Ndege ya kumpeleka Maskati kusomea uuguzi ingeondoka kesho yake alfajiri, lakini tangu Ijumaa pasipoti yake ilikuwa imefungiwa kabatini mwa baba.

“Mateso huzaliwa na kung’ang’ania,” alisema Khalfani. “Aishiye vyema ni yule aliyefungua kiganja.”

“Epikuro naye alipunguza tamaa,” alijibu Gozbert. “Mkate, maji, mwili usioumwa, moyo usio na hofu. Lakini marafiki hakuwaachilia. Wewe wataka tuwaachilie hata tuwapendao?”

“Kupenda si kumiliki, bwana. Usinichanganyie mambo.”

“Ahaa! Sasa mbona kiganja chako kimefumba pasipoti ya mtoto?”

Chumbani, sauti ya nguo zikikunjwa ilikoma. Khalfani aliona macho yote yamemgeukia, na shingo ikamwaka moto.

“Ni mwanangu!” alifoka. “Nyumba ni yangu! Nani kakuita humu?”

Ansbert alikitazama kikombe chake, kisha akakisogeza taratibu mbele ya mwenyeji.

“Umepandisha, Mwalimu.”

Khalfani alibeba beseni hadi uani. Vikombe vilikuwa sita. Alipomaliza cha tatu aliliacha beseni, kwa maana alitambua kwamba ameshindwa mjadala pande zote mbili: Budha angemlaumu kwa kushikilia, Epikuro kwa hofu. Tangu azikwe mkewe, Hamisa, alichokiogopa ni nyumba isiyo na mtu wa kumwamkia asubuhi.

Aliingia ndani, mikono ikichuruzika maji. Alipotoka barazani, alimwekea Raudha, aliyekuwa amesimama mlangoni, pasipoti mkononi.

“Umeniruhusu, baba?”

Midomo ya Khalfani ilifunguka. Jua lilikuwa bado juu ya mabati ya jirani.

“Usimjibishe, mwanangu,” alisema Gozbert kwa upole. “Ana adhabu.”

Khalfani alitikisa kichwa kukubali, mara mbili, ili binti asikosee. Kisha akarudi uani, akaviosha vikombe vitatu vilivyobaki.