Mrututu wa Mzee Eliufoo

Mzee Eliufoo alikuwa amelima kahawa Machame miaka arobaini, na jambo moja alilijua kuliko Imani ya Mitume: ukungu ni adui. Kwa hiyo alipopasua kiriba kimoja kule chini kitaluni Kahe, akaona nyuzi nyeupe zimeizunguka mizizi ya mche wa mkongo, hakumuuliza mtu. Alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha kupanda miti, wenyeviti huulizwa.

Alikoroga mrututu, dawa ya kuulia ukungu wa kahawa, akajitwika bomba mgongoni, akavinywesha viriba mia sita mpaka udongo ukawa wa bluu kama majoho ya kwaya.

Miche ile ndiyo ilikuwa tumaini la mwisho. Misimu miwili mfululizo mikongo ilikuwa imekaukia kilimani, na kijiji kilishasema: miche ya msimu wa tatu ikifa, kilima wanapewa wachoma matofali.

Jioni Eunike, mtunza kitalu, alirudi kutoka Moshi, akaikuta ile bluu.

"Shikamoo, mzee. Umepaka rangi?"

"Marahaba. Nimekuokoa, binti. Mizizi ilishaota ukungu."

"Ukungu ule niliupanda mimi." Akaketi juu ya ndoo. "Udongo wake niliubeba kichwani kutoka msituni, chini ya mikongo ya zamani. Nyuzi zile ndizo zinazoyafuata maji mahali mzizi haufiki. Bila hizo mche hauliwezi jua la huku. Umeshaona mara mbili."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilisema kwenye vikao vitatu. Kila mara ukatufundisha kupogoa kahawa."

Mzee alitafuta la kujibu, akaliokota lililokuwa karibu. "Kahawa nayo ni mti."

Eunike alimtazama kama mtu anayepima ng'ombe mzee mnadani.

Kesho yake Eliufoo alishuka na jani la isale, kama watu wa kwao wanavyoomba radhi. Eunike akalipokea kwa mikono miwili.

"Yameisha, baba. Njoo huku."

Nyuma ya bafu la magunia vilijipanga viriba mia mbili. Eunike akapasua kimoja: mizizi ilikuwa myeupe pe kwa nyuzi.

"Hivi nilivihamisha siku ile ulipochaguliwa," alisema.

Viriba mia mbili havikutosha kilima kizima. Vilitosha upande wa udongo wa mfinyanzi, ule hasa waliokuwa wanaumezea mate wachoma matofali. Miche ya mrututu wakaipanda kando yake.

Mvua zilipokatika, ile mia mbili ilikuwa na majani, na kijiji kikawaambia wachoma matofali watafute kwingine. Ya mrututu ilikauka karibu yote. Eunike hakuing'oa. Aliiacha imesimama safu kwa safu, na mwenyekiti akapangiwa zamu ya kumwagilia ile mizima, apite katikati ya mikavu na ndoo zake mbili.