Jina Lililobaki Kizuizini

Brigita alipanda basi la Wasso pale stendi ya Karatu akiwa na mfuko wa vitunguu, khanga mpya na kibuyu kilichozibwa kwa nta. Ndani ya kibuyu mlikuwa na jina. Mama yake alilitamka humo siku chache kabla ya kufariki, akaziba mwenyewe, liwe la mtoto ambaye Edna, mdogo wake Brigita, alikuwa bado hajamzaa. Katika ukoo wao, bibi asiyejaliwa kumsubiri mjukuu huacha jina namna hiyo, na kibuyu hufunguliwa mara moja tu, sikioni mwa mtoto. Sasa mtoto alikuwa amezaliwa, na Brigita alikuwa anampelekea jina lake.

Basi likasimama kizuizini. Upekuzi ulianza baada ya bunduki kukamatwa ndani ya gunia la mahindi, na Brigita mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliosema heri nusu shari kuliko shari kamili. Wafugaji wenye shuka walishushwa kwanza, kama kawaida, wakapekuliwa hadi ndani ya viatu. Safari zote za nyuma Brigita alipungiwa mkono apite. Leo mkaguzi, kijana mpole mwenye jina la Leonce lililoshonwa kifuani, akagusa kibuyu chake.

"Humu kuna nini, mama?"

"Jina la mtoto, afande."

Leonce akaitikia kwa kichwa. Majina alishayakuta kwenye mizigo. Hata hivyo, alisema, lazima likaguliwe. Brigita akamwomba akitikise, akipime, akinuse, afanye lolote ila kukifungua. Kondakta akatoa kichwa dirishani kumsihi afungue tu, safari bado ndefu, na abiria wakaguna kumuunga mkono. Leonce akamwonyesha mstari wa chokaa kando ya barabara, maana mwenye mzigo hasimami karibu mzigo wake ukipekuliwa. Brigita akaenda kusimama huko, na kilichomuuma zaidi ni kwamba alikwenda.

Kisu kikapita kwenye nta. Leonce akaweka sikio, midomo yake ikasogea kidogo, kama mtu anayeonja chumvi. Kisha akakipindua kibuyu, kikawa kitupu.

"Halina madhara," akasema. "Pita, mama."

"Nitajie basi, afande. Mimi sikulisikia."

"Kilichopatikana kwenye upekuzi hakirudishwi. Ningependa, ila si changu." Akamrudishia kibuyu kwa mikono miwili, kwa adabu.

Huko Wasso, hospitalini, Edna alilia kidogo, hakumlaumu. Walijaribu jina la babu, la padri, la watakatifu wote waliowakumbuka. Mtoto alinyonya, akalala, wala hakugeukia hata moja. Muuguzi akawaambia wasihangaike, wodini walikuwamo wengine wa namna hiyo.

Siku ya kurudi Karatu Edna alifuatana na dada yake, akamfunika mtoto gubigubi basi lilipoanza kupunguza mwendo karibu na kizuizi. Leonce alikuwa akipita nje, akitazama dirisha moja baada ya jingine. Alipofika usawa wao akasimama, akatamka neno moja taratibu huku injini ikinguruma. Brigita aliona midomo tu.

Chini ya khanga mtoto akafumbua macho. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe akageuza shingo, akatafuta.

"Anaitika," Leonce akasema, ameridhika, akawapungia mkono wapite.

Edna akamlaza mtoto upande wa pili. Mtoto akageuka tena kule kule kwenye kizuizi, akaendelea kutazama hata kilipofichwa na vumbi.