Dada wa Tuisheni

Wanafunzi walimwita Kiboko, naye alijua. Alifundisha Kiswahili na kusimamia nidhamu, mwanamke mrefu asiyechekacheka, na akipita varandani makelele yalikatika ghafla. Aliyethubutu kumtania alikuwa mmoja tu, msichana wa kidato cha tatu waliyempachika jina la Redio, kwa kuwa kumnyamazisha kulihitaji umeme ukatike.

Ndiyo maana Redio alipoanza kunyamaza, Kiboko aliona. Kwanza utani uliisha. Kisha msichana akahama kiti, akawa anakaa peke yake. Siku moja walikuwa wakijadili methali, mwalimu akauliza kwa nini wahenga walisema damu ni nzito kuliko maji. Redio akasimama bila kunyoosha mkono.

"Si kweli, mwalimu. Damu ni maji tu. Ndugu ni yule utakayekufa naye."

Darasa likacheka. Kiboko akashika ukingo wa meza. Maneno hayo aliyajua, neno kwa neno, kwa sauti ya mtu mwingine.

Mdogo wake wa mwisho, Kitindamimba, ambaye alimlea tangu wazazi wao walipofariki, alitoroka shule akaenda kujiunga na wapiganaji ng'ambo ya mpaka. Alimwachia ujumbe wa sauti kwenye simu: asimtafute, damu ni maji tu, ndugu ni yule utakayekufa naye, na sasa amepata dada wa kweli. Mwaka haukuisha, habari ikaja kwamba ameuawa. Kaburi halijulikani liliko. Kilichomkereketa Kiboko kuliko hata kifo ni neno lile, dada. Yeye aliyemwogesha na kumfundisha kufunga kamba za viatu alipokonywa hata cheo hicho, na mtu asiyemjua sura.

Kipindi kilipoisha alimwita Redio pembeni. "Maneno yale umeyatoa wapi?"

"Kwa Dada. Tuisheni."

Tuisheni ilikuwa chumba nyuma ya duka la fotokopi, na hisabati ilifundishwa bure. Jioni ile ile Kiboko alikwenda na karatasi zake, akajifanya anataka nakala. Alipokewa na mwanamke mpole, mwenye sauti ya kubembeleza mgonjwa.

"Karibu, mwalimu wetu. Wadogo zangu wananihadithia habari zako."

Wadogo zangu. Kiboko alitabasamu, akapokea nakala zikiwa bado za moto, akatoka.

Kisasi kilimwingia kama homa. Usiku, kichwani mwake, alimnyonga yule mwanamke kwa mikono yake, asubuhi akamkuta yu hai, akaanza upya. Akaenda kumwona afisa wa upelelezi aliyewahi kushughulikia kesi ya Kitindamimba.

"Maneno matupu hayamfungi mtu, mwalimu," afisa alimwambia. "Tukimnasa akisafirisha watoto, hapo hachomoki. Lakini huyo binti mtoe pale leo. Sisi tutatafuta njia nyingine."

Kiboko aliondoka na nusu ya kwanza ya maneno hayo. Ile ya pili aliiacha kituoni.

Akangoja. Kila alipomwona Redio akielekea tuisheni aligeuza uso. Ajiponze kwanza yule nyoka, alijiambia, atoke shimoni mzima mzima, ndipo nimponde kichwa.

Mama yake Redio, msusi mwenye saluni karibu na soko, akaja shuleni bado ana chanuo nyweleni. "Mwalimu, mwanangu ananiita kwa jina langu. Neno mama limekufa. Chakula anakula peke yake. Wewe unashinda naye, ana nini?"

"Ujana, mama. Utapita."

Uongo ulimtoka laini kama mafuta. Msusi akashukuru, akaenda zake.

Kisha asubuhi moja Redio alikuja shuleni na ndala. Viatu vyake vilikuwa miguuni mwa rafiki yake, na saa yake mkononi mwa mwingine. Kitindamimba naye, siku za mwisho, aligawa baiskeli, akagawa kalamu, akagawa hata shuka.

Safari imefika, basi. Ndiyo aliyokuwa akiiomba. Angenyamaza siku chache tu angemtia yule mwanamke mkononi. Lakini badala ya kumwona Dada na pingu, mawazoni alimwona msusi ameshika simu, akisikiliza ujumbe wa sauti wa mwanawe.

Akatuma mtu amwite msusi haraka. Akawafungia mama na mwana pamoja naye katika ofisi yake, akamweleza Redio habari za mdogo wake, kisha akaweka simu mezani na kuiwasha. Sauti ya Kitindamimba ikajaa chumba.

Redio alisikiliza hadi mwisho. "Maneno hayo," alisema polepole, "Dada aliniambia amenitungia mimi peke yangu."

Akalia. Na alipokwisha kulia akasema yote: wanafunzi wanne, Jumamosi alfajiri, wazazi wameambiwa ni mashindano ya hisabati.

Kiboko akampigia afisa simu, na Jumamosi wanafunzi wote wanne walibaki makwao. Dada alisimama kituo cha mabasi na tiketi zao za kwenda mpakani mkononi, akiwangojea wadogo zake, wakaja askari.

Kiboko aliomba kumwona Dada kituo cha polisi. "Mdogo wangu mlimzika wapi?" Akamtajia jina.

Mwanamke alifikiri kweli, kama mtu anayetafuta funguo. "Walikuwa wengi, mwalimu. Simkumbuki."

Kofi lililomtoka Kiboko lilisikika hadi kaunta. Afisa aliyekuwa mlangoni alimtoa nje, bila haraka.

Nje alimkuta msusi. "Nilipokuja kwako siku ile, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Mwanangu umenirudishia. Ahsante. Ila tukikutana njiani usinisalimie."

Kesi iliposikilizwa Kiboko alikaa benchi la mbele kila mara, na hukumu ya kifungo kirefu iliposomwa wenzake walidhani atapumua. Hakupumua. Siku ya kwanza ya kutembelea wafungwa alikwenda gerezani na picha ya Kitindamimba akiwa na sare za shule. Mfungwa akakataa kutoka.

"Mpe hii," alimwambia askari. "Mwambie huyu ndiye asiyemkumbuka. Na mwambie mwezi ujao nitakuja tena."