Chuma Kilichong'aa Mno

Mimi Nekesa nasugua, jamani. Miaka kumi na saba naosha vyuma vya upasuaji katika hospitali yetu ndogo hapa Lodwar, na hakuna aliyewahi kuniambia hiki kina uchafu. Kiburi hicho ndicho kilichomponza Adhieu.

Adhieu aliletwa kutoka kambini Kakuma, nyonga imevunjika. Alitaka jambo moja tu: asimame tena, auze kisra, ile mikate yake myembamba ya kwao, sokoni. Chuma cha kumtia nyongani kilitoka kwa wafadhili, boksi likapasuka njiani, kwa hiyo Daktari Lokuruka akanipa nikioshe upya. Nikakipapasa. Kilikwaruza kama ulimi wa ng'ombe. Nikasema, hawa nao, wanatuletea kutu! Nikachukua waya wa kusugulia sufuria, nikasugua asubuhi nzima mpaka nikajiona uso.

Kuuliza si ujinga, najua. Lakini mimi, na miaka yangu kumi na saba, nimuulize nani?

"Mama, chuma yangu iko safi?" Adhieu aliniuliza akiwa kitandani.

"Kinang'aa," nikamjibu. Akanishika mikono yote miwili, akaibariki.

Miezi minane baadaye alirudishwa akilia kwa maumivu. Chuma kilikuwa kinacheza ndani ya mfupa. Kilipotolewa nikaletewa nikioshe, na kilikuwa kinang'aa vile vile nilivyokiacha. Mfupa haukuwa umekishika hata mahali pamoja.

Daktari alikigeuzageuza mkononi. "Hiki kiwandani walikikwaruza makusudi," akasema. "Mfupa unaota ukiingia kwenye ule ukwaruzo, ndiyo unashika. Nani alikilainisha?"

"Mimi," nikasema, nikalia mbele yake bila haya.

Mfupa ulikuwa umeshalika, hakuna chuma kingine cha kumfaa. Aibu ilinila wiki mbili, kisha nikaenda Kakuma kumwambia mwenyewe. Nilimkuta mlangoni kwake, kaegemea magongo. Nilimweleza yote, ule waya na kiburi changu. Aliitazama mikono yangu.

Nilingoja anitukane. Afadhali angenitukana.

"Maji iko mbali, mama," akasema mwishowe, akausukuma mtungi kwangu kwa ncha ya gongo. "Mimi siwezi tena."

Nikauchukua, nikaenda kupanga foleni.