Kadi ya Saa Kumi

Zakia alipenda Kiingereza kupita kiasi, na kadi ya ndoa yake ndiyo iliyomuumbua. Aliambiwa aandike Kiswahili, akakataa katakata. Akaandika kwamba nikaha ni “10 o’clock”, kisha akamsumbua mchapaji wa watu mpaka kile kialama kinachofuata herufi o kikakaa mahali pake. Kialama kilikaa vizuri sana. Mtaa mzima hapo Shinyanga ukasoma kadi, ukaelewa saa kumi alasiri, kama alivyokusudia mwenyewe.

Picha ya kadi aliituma pia Geita kwa baba yake, Salehe, fundi wa mitambo mgodini, aliyeachana na mama yake wakati Zakia bado mtoto. Baba hakumjibu. Alimpigia tu mdogo wake, Abdulhalim, akampa uwakala wa kumwozesha binti. Zakia aliumia. Ba’mdogo alikuwa mtu mwema, lakini yeye alitaka aozeshwe na baba aliyemzaa.

Siku ikafika. Saa nne asubuhi wanawake walikuwa uani wakichambua mchele, na Zakia yuko sebuleni peke yake, kajitanda kanga kuukuu, hina mikononi bado mbichi. Hodi ikapigwa. Mlangoni alisimama mzee mwenye kanzu iliyopigwa pasi ikapigika.

“Shikamoo, baba,” Zakia alisema.

“Marahaba, mwanangu. Mbona hakuna watu? Nimechelewa?”

“Nikaha ni saa kumi.”

Salehe akatoa simu, akaitazama ile picha. “Si umeandika hapa? Wazungu wetu kule kazini wakisema ten o’clock, ni saa nne hii hii.”

Zakia aliona aibu, akatamani ardhi ipasuke. Kumbe waalikwa wote walimwelewa kwa sababu walikosea pamoja naye! Salehe alicheka kidogo, akavua viatu, akaketi mkekani. Kanga ilikuwa imemwangukia binti usoni, naye hawezi kuishika kwa sababu ya hina. Baba akainyanyua, akaiweka vizuri begani.

“Nilitaka nije nikae nyuma na wageni,” alisema. “Nile pilau, niondoke zangu. Sikukulea mimi. Nitakuozesha kwa uso gani?”

“Kwa huo huo, baba. Nimeungoja miaka yote.”

Zakia akaushika mkono wa baba yake kwa nguvu, hina akaisahau kabisa. Maua yote ya kiganja yakavurugika. Shangazi aliyeingia na sinia akapiga kelele, na hakuna aliyemsikiliza. Wakaongea mpaka adhuhuri, wakalia, wakacheka.

Alasiri Abdulhalim alisogea pembeni bila kuombwa. Zakia alichungulia kwenye pazia. Mkono uliomshika bwana harusi wake ulikuwa umejaa madoa ya hina.